Mashine ya Nakshi Iliyokwenda Mlali

Simu ya kuniambia Selemani amefariki iliingia nikiwa napiga randa mlango wa mteja, na kitu cha kwanza nilichokifikiria hakikuwa Selemani. Nilifikiria mashine. Nasema ukweli, maana nimechoka kuambiwa kwamba mtu wa umri wangu anapaswa awe ameshayasahau. Mwanamke aliyenipigia, mpwa wa marehemu, alikuwa analia, nami nikasema yale ya kusema, nikauliza maziko ni saa ngapi, nikamwahidi kwamba nitafika Mlali. Muda wote huo kichwani naiona ile mashine ya chuma, rangi ya kijani iliyobanduka, na kanyagio lake, na mkono wake mrefu uliopinda juu ya meza. Selemani alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu. Mashine ilikuwa ya baba yangu. Mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia, na Selemani ndiye aliyeichukua. Watu wa dini watanisamehe, lakini hayo ndiyo niliyoyakumbuka mtu wangu akiwa bado hajaingia kaburini, na nilipoishika randa tena niliukwaruza mlango wa mteja mpaka ikabidi nianze upande ule upya.

Mwaka ninaousimulia ni ule wa foleni za sukari, tulipokula unga wa njano na kufulia majani ya mpapai. Nilikuwa nimemaliza shule na sikuchaguliwa kwenda popote. Baba alikuwa seremala mjini Morogoro, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja uani, nyuma ya duka lililokuwa limefungwa, mtaa wa Mji Mpya. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama mlimani, lakini mlima wenyewe hatukuuona sana kwa sababu baba alikuwa ameegesha mbao mpaka nusu ya dirisha. Ukiingia, harufu ya gundi inakupokea kwanza, halafu harufu ya mkangazi, halafu harufu ya baba mwenyewe, jasho na tumbaku. Kushoto palikuwa na benchi lenye jiliwa la kubania mbao. Kulia, peke yake, chini ya kipande cha turubai, ilikaa mashine.

Mashine ile aliachiwa na Mzee Jivan, fundi wa Kihindi aliyemfundisha kazi, siku mzee huyo alipowafuata watoto wake ng'ambo. Baba alipenda kutuigiza maneno ya Mzee Jivan: "Athumani, hii haipandi ndege. Chukua." Ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na watoto wa mtaani waliiita cherehani ya mbao, wala hawakukosea sana. Ulikuwa msumeno, lakini si msumeno unaoufahamu wewe. Bledi yake ilikuwa nyembamba kama uzi, imebanwa juu na chini, na ukikanyaga inapanda na kushuka mahali pamoja. Haiendi popote. Anayekwenda ni ubao. Unaulaza ubao mezani, unauzungusha kwa vidole, na bledi inakata maua, nyota, herufi, chochote ulichokichora, hata tundu la katikati ambalo haligusi ukingo. Zile mbao zenye nakshi juu ya milango ya nyumba za zamani pale mjini, zinazopitisha hewa, nyingi zilitoka kwenye mashine hii. Nilipokuwa mtoto nilikatazwa hata kulivuta lile turubai. Mwaka ule baba alilivuta yeye mwenyewe, akasema, "Kaa."

Kwa siku nyingi hakunipa ubao. Nilikanyaga tu, mashine haina bledi, mguu unapanda na kushuka, naye anapiga randa zake huku ananisikiliza. Nikiharakisha, anagonga benchi kwa nyundo. Nikilegea, anagonga. Nilikuwa kijana mwenye hasira za karibu, kila mtu alilijua hilo, na hakuna kitu kinachomchefua kijana mwenye hasira kama kukanyaga mashine isiyokata kitu. Baadaye alinionyesha kufunga bledi, meno yatazame chini, halafu ukaze mpaka ukiitekenya kwa ukucha ilie. Ikikaa kimya, bado. Alikuwa na sikio la kazi hiyo, mimi sikuwa nalo, nikafunga nikafungua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Ubao wa kwanza alionipa ulikuwa wa sanduku la chai, plaiwudi nyembamba yenye maandishi ya Kizungu, na juu yake alibandika kipande cha gazeti kwa uji wa muhogo. Kwenye gazeti alikuwa amechora mstari mmoja wa kupindapinda, hauna mwanzo wala maana.

"Fuata," akasema.

Nikafuata. Bledi ikakatika kabla sijamaliza kupinda kwa kwanza.

"Umeusukuma."

"Sijausukuma, baba."

"Kumbe imejikata yenyewe?"

"Ilikuwa mbovu."

"Nenda kanawe uso."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kosa langu. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinituma bombani uani nikanawe uso, nirudi, nifunge bledi nyingine, na bledi zenyewe mwaka ule hazikupatikana, ilikuwa mpaka mtu aende Dar es Salaam akabahatishe kwenye maduka ya vifaa. Niliporudi na maji yananitiririka shingoni nilikuta ameshabandika mstari mwingine. "Ubao hausukumwi," alisema. "Unapelekwa. Wewe unataka kufika. Bledi haitaki kufika, inataka kukata." Nilimwona mtu anayejifanya mjuzi. Nilitamani kuirushia mashine ile nyundo.

Kona ndiyo iliyonitoa machozi. Mstari wa kupinda unaweza kuudanganyadanganya, lakini ncha ya nyota hudanganyi. Ukifika kwenye ncha inabidi mikono isimame na mguu uendelee. Bledi inapanda na kushuka patupu, nawe unauzungusha ubao palepale ilipo, polepole, mpaka utazame upande mwingine, ndipo unaanza tena kuupeleka. Mguu wangu na mikono yangu havikutaka kuachana. Mikono ikisimama, mguu nao unasimama, bledi inang'ang'ania, tak, imekatika. Nikikanyaga, mikono nayo inasukuma, ncha inakuwa mviringo kama kisigino. Niliharibu masanduku ya chai mpaka mama akauliza kama tunafuga mchwa. Halafu siku moja, sijui kilichobadilika, nilizunguka kona na bledi ikabaki nzima, nikaizunguka nyingine, na nyingine, mpaka kipande kikaanguka chini ya meza, nyota yenye ncha kweli. Baba aliiokota, akaipuliza vumbi, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaikagua ncha moja moja. Kisha akaitia kwenye mfuko wa shati. Ninaandika haya nikiwa na miaka sitini na kitu, na bado najua alikuwa amevaa shati gani.

Chakula cha mchana mama alituletea pale pale karakanani. Ugali wa njano, mchicha, siku nyingine dagaa, na chai ya sukari guru ambayo baba aliiita dawa ya kifua. Walikula wakiongea juu ya kichwa changu, kama wazazi wanavyofanya mtoto akiwa ameinamia sahani, na hapo ndipo nilipoanza kusikia maneno ambayo mpaka leo yananichemsha.

"Utawaambia lini dada zako?" mama aliuliza.

"Nitawaambia."

"Unasema hivyo tangu Mfungo Sita."

"Kwani nakufa kesho?"

"Sijui unakufa lini. Najua tu ukifa hujasema, huyu hapa hapati hata kanyagio."

Lazima nieleze, kwa sababu wajukuu zangu waliozaliwa mjini nikiwasimulia wananitumbulia macho. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mwanamume akifa, vitu vyake vinarudi kwa watu wa mama yake, na mrithi wake ni mtoto wa dada yake. Mwanawe mwenyewe ni wa ukoo mwingine, anakwenda kurithi kwa wajomba zake. Iko njia moja tu: mtu awaite dada zake akiwa hai, awaambie kwa mdomo wake, kitu hiki nimempa mwanangu, nao wakubali. Basi. Hakuna karatasi wala nini. Mwaka ule wote, wakati mimi najifunza kona na mduara na kupenyeza bledi katika tundu lililotobolewa kwa keekee ili kukata ua la ndani, jambo lililobaki lilikuwa hilo moja, baba afungue mdomo. Akisema, mashine ni yangu, na maisha yangu ni ya nakshi. Asiposema, inakwenda kwa Selemani, ambaye hakuwahi kushika hata msasa.

Nami nilikuwa nimeshaipenda. Sikuipenda siku ya kwanza, wala ya kumi. Niliipenda siku nilipogundua kwamba nimekata saa nzima bila kukumbuka kwamba nina hasira. Ilikuwa marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, cha mkangazi, mbao mbili zinazopishana katikati, na kila upande nimekata mzabibu wenye majani matano na nyota katikati yake. Nilikata ndani na nje, nikapiga msasa, nikapaka mafuta kwa kitambaa. Baba alikigeuza mikononi. "Hiki tutampa shangazi yako," akasema. "Atakapokuja kula." Nilielewa. Alitaka dada yake aone kwa macho mikono ya nani inaijua mashine, halafu aseme. Nilifurahi mpaka nikasahau kumwuliza ni lini.

Shangazi Mwanaidi alikuja na mkungu wa ndizi kichwani na njegere kwenye kitambaa, na nyuma yake Selemani, mrefu, nywele amechana upande, hana alichobeba. Alifuatana nao mdogo wake baba wa kike ambaye simtaji sana kwa sababu hakuwa na neno lake mwenyewe, alikuwa akisubiri shangazi aseme ndipo aitikie. Mama alichinja kuku. Mchele ulikuwa wa Dakawa, sijui baba aliupata kwa nani mwaka ule wa dhiki, na nazi, na pilipili ya kusaga. Kabla ya chakula Selemani aliingia karakanani. Kwa utani wetu wa mabinamu akaniuliza, "Hii ndiyo inayokufanya usioge?" Akalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, kama mtu anayechezea baiskeli ya mwenzake. Nilimwambia aondoe mkono. Akacheka, akauondoa. Mpaka leo nakikumbuka kidole kile.

Wakubwa walikula ndani, kwenye mkeka. Mimi nilikaa ukumbini, mgongo ukutani, karibu kabisa na pazia, nimetega sikio mpaka shingo inauma. Nilisikia sahani. Nilisikia shangazi akisifia kuku. Nilisikia marufaa yangu ikitolewa, na shangazi akisema, "Mashaallah! Mashaallah, mikono hii!" nami nikasema sasa, sasa anasema. Baba akakohoa. Akasema mvua ya Mlali imekuwaje. Wakazungumza mvua. Wakazungumza ngedere walioingia mashambani, na mtu fulani aliyeoa Kisaki akapotelea hukohuko. Mama alipita na birika, akanitazama, akatazama chini. Maji ya kunawa yakazunguka. Ndipo baba akasema, nimeyashika maneno yake neno kwa neno, "Basi dada zangu, sikuwa na kubwa. Mwaka wenyewe ndio huu, nimesema tu tule pamoja."

Sikuwa na kubwa!

Waliinuka. Baba akachungulia pazia, akaniambia, "Njoo tuwasindikize." Nikamwambia nina kazi. Hakurudia. Akawasindikiza yeye, nami nikaingia karakanani nikafunga bledi, nikakanyaga kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena, ubao hauna hata mchoro, nikasukuma mpaka ikakatika na kipande kikanirukia shavuni. Baba alichelewa sana kurudi. Aliingia amejaa vumbi la barabara, akakaa juu ya kigogo chake, akanitazama damu ya shavuni. "Nenda kanawe uso," akasema. "Kanawe wewe," nikamjibu. Alinyamaza. Wengine wangenipiga kofi, na natamani angenipiga, maana kimya chake nilikitafsiri kuwa ni aibu ya mtu mwoga, na tafsiri hiyo nimeishi nayo maisha yangu yote.

Wiki zilizofuata alinifundisha kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Asubuhi hatujanywa hata chai, kaa. Herufi za Kiarabu, kaa. Kukata mbao mbili zimegundishwa pamoja ili zitoke pacha, kaa. Kunoa ncha ya keekee, kutengeneza mkanda wa ngozi ukikatika, kusikiliza beringi iliyokauka mafuta. Nilijifunza vyote kwa meno yaliyoumana. Niliona ananihonga ujuzi kwa sababu ameninyima chombo. Sikumwuliza kitu, naye hakunieleza kitu, tukakaa chumba kimoja baba na mwana, harufu ya gundi katikati yetu, mpaka masika ilipoingia. Homa ilimshika wiki ya kwanza ya mvua kubwa na hakuimaliza wiki ya pili.

Baada ya hitma wakakaa kikao sebuleni kwetu. Mashine ilikuwa imeshatolewa nje uani, imefutwa, inangoja. Shekhe wa mtaa alisema kwa upole kwamba katika dini mtoto wa kiume ana fungu lake. Mzee wa ukoo wa baba akamshukuru shekhe sana, akasema dini wanaiheshimu, na kwamba mimi nitapata nguo za marehemu na saa yake, ila chombo cha kazi ni cha ukoo na kitakwenda kwa mpwa. Nilisimama. Nikasema kwamba Mzee Jivan alimpa baba, hakuupa ukoo, na ukoo haukuwepo Mzee Jivan alipokuwa anaitoa. Nikasema mimi ndiye ninayeijua. Shangazi Mwanaidi alikuwa amekaa na wanawake mlangoni, kanga imemfunika mpaka machoni. Yeye ndiye aliyenijibu.

"Ramadhani, mwanangu, usitufedheheshe. Wewe una wajomba zako. Nenda karithi kwa wajomba zako."

Mjomba wangu pekee alikuwa na jembe, mbuzi mwenye chongo, na shamba la mteremko huko juu ambalo ukikosea kukanyaga unavunia bondeni. Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka kikao kikikaribia kwisha. Selemani akaja na kamba na pikapu ya kukodi. Wakati wanaipakia aliniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Binamu, nionyeshe basi inavyowashwa." Nikamwambia haiwashwi. Akadhani namkatalia, akaondoka amenuna, na kwa kweli nilikuwa namkatalia, lakini pia lilikuwa jibu sahihi.

Tangu siku hiyo nimetengeneza vitanda, milango, makabati, meza za shule. Vitu vya mistari iliyonyooka. Nimesomesha watoto kwa mistari iliyonyooka, simlalamikii Mungu. Wapo walioniambia ninunue mashine nyingine, hizi za umeme zinazoletwa siku hizi, wakidhani hasira yangu ni ya chuma. Hasira yangu ilikuwa ya mdomo wa baba yangu uliokaa kimya juu ya sahani ya kuku. Mke wangu alipokuwa hai alikuwa akinikumbusha kumwombea dua, nami nilimwombea, ila kaburini kwake nilikwenda kama mtu anayekwenda ofisi ya serikali, nafanya kilichonipeleka naondoka. Mtu aliyenikalisha mwaka mzima kwenye mashine akijua kwamba haitakuwa yangu, nilimweka mahali pamoja na wanaompa mtoto pipi ili wamnyang'anye. Sikuona haya kumweka hapo.

Basi nikaenda Mlali. Tulimzika Selemani, nikatupa udongo wangu kama wengine. Siku ya hitma, nikizunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kutawadha, nikaikuta. Ilikuwa kwenye banda la kuku. Mkono umeshuka, gurudumu limeota kutu nyekundu, na juu ya meza ile, mahali vidole vyangu vilipojifunza nyota, palikuwa na kuku ametaga kwenye majani makavu. Alinitazama kwa jicho moja asiondoke. Mpwa wa marehemu, yule aliyenipigia simu, akaja kuniambia kwamba bibi ananiita. Nilimwuliza kama mjomba wake aliwahi kukata kitu kwa mashine ile. Akasema alijaribu siku moja, zamani, bledi zote zikakatika, akaiacha.

Shangazi Mwanaidi alikuwa kwenye godoro chumbani, mdogo sana, macho yameingia ukungu. Wanawake wawili walikuwa wanampepea. Akawaambia watoke.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ni Ramadhani?"

"Ndiye mimi. Pole kwa msiba."

"Nimekwishapoa. Kaa. Nimemzika mwanangu, sasa nangoja zamu yangu, na ninalo neno lako. Baba yako alisema."

"Alisema nini?"

"Kuhusu ile mashine. Siku ile tuliyokula kuku kwenu. Alitusindikiza mpaka darajani, akasimama, akasema, 'Dada, mashine nimempa Ramadhani. Nawaambia ninyi mnaohusika.'"

Nilisikia wanaume nje wakivuta viti.

"Mimi ndiye niliyekataa," akaendelea. "Nilimwambia, ukimpa mtoto wa watu kitu cha ukoo, ukifa usituite kukuzika. Aliomba, mwanangu. Kaka yangu aliomba pale barabarani mpaka gari la Mlali likatuacha, tukangoja jingine. Nikamwambia, na neno hili lisirudi nyumbani kwako, usije ukamfundisha mtoto kutuchukia. Akaniapia."

"Na marufaa ulikuwa umeishika."

"Nilikuwa nimeishika," akasema.

Mtoto wa watu. Huyo ni mimi. Watu wetu hawasemi neno zito juu ya chakula. Juu ya chakula wanasema mvua na ngedere. Neno lenyewe linasemwa barabarani, wakati wa kumsindikiza mgeni, mbali na masikio ya nyumba. Mtoto yeyote wa Kiluguru analijua hilo, na mimi nilikuwa nalijua, ila siku ile nilitega sikio kwenye pazia, na nilipoambiwa njoo tuwasindikize nikasema nina kazi. Lakini sikasirikii sikio langu. Nawakasirikia wao. Walimkataza kunipa, wakamkataza kuniambia, halafu wakaniacha nimchukie yeye kwa kazi waliyoifanya wao. Ile haraka ya wiki za mwisho, kaa, kaa, kaa, ilikuwa ya mtu aliyezuiwa kunipa chuma akaamua kunipa kila kitu kingine kabla hawajafika kuchukua. Nami nilikuwa nimempa mgongo.

"Nisamehe, mwanangu," akasema shangazi.

"Twende nje ukayaseme."

"Nje wapi?"

"Kwenye mkeka, mbele ya watu. Siku uliponiambia nina wajomba zangu palikuwa na watu."

Nilidhani atalia, au atawaita wale wanawake waje wanitoe. Akanyoosha mkono. Mimi na mpwa wa marehemu tulimwinua, mwepesi kama furushi la kanga, tukamweka kibarazani. Wanaume wakaacha kuzungumza. Mmoja aliyekuwa anamimina chai akabaki ameshika birika.

"Nataka kusema," akaanza, na sauti ikawa ileile ya kikao. "Ile mashine iliyoko bandani, kaka yangu Athumani alimpa mwanawe huyu hapa. Alisema mbele yangu akiwa hai. Mimi ndiye niliyekataa, nikamfunga mdomo."

"Mama, hayo ya zamani," akasema mzee mmoja. "Leo tuko msibani."

"Nyamaza, sijamaliza. Alimpa. Ni yake. Sasa nimemaliza."

Yule wa birika akamalizia kumimina chai. Niliona kwenye nyuso zao kile walichokingoja: mtu mzima aseme yamekwisha, ibaki tu, ni chuma chakavu, tusomeni dua. Yupo hata aliyeanza kutikisa kichwa kwa kunipongeza mapema. Nikamwambia mpwa wa marehemu aniitie guta la mizigo la kwenda mjini. Nikamwambia sasa hivi. Mzee yule akasema, "Ramadhani, hata hitma haijasomwa," nami nikamjibu kwamba wao walinipakilia ya baba yangu hitma ikiwa bado mdomoni. Nilikwenda bandani mwenyewe. Kuku alinidonoa mkono, nikamweka chini pamoja na majani yake na mayai yake, nikafungua kamba ya zamani iliyokuwa imefunga kanyagio. Vijana wawili wakanisaidia kuinua. Ilikuwa nzito vilevile.

Tulipopita mbele ya kibaraza shangazi alikuwa bado amekaa pale walipomweka, uso ameugeuzia mlio wa guta.

"Ramadhani," akaita, na watu wote wakasikiliza. "Umenisamehe?"

"Bado, shangazi," nikasema, nikapanda nyuma, nikaishika mashine kwa mikono miwili, nikamwambia dereva aende polepole.